Mlango wa moyo: maneno yetu ya Siku ya Moyo, Butembo

Maneno haya yalisomwa mbele ya wazazi na vijana wa Butembo tarehe 29 Septemba, Siku ya Moyo Duniani. Wengi ambao hawakuweza kufika waliomba tuyaweke hapa. Tumeyaacha kama yalivyosomwa.

Jambo yenu wazazi wetu. Jambo yenu wakubwa wa avenyu, mama zetu wa soko, wanamoto, walimu, wanafunzi, vijana wenzetu. Aksanti kwa kupanda mlima na mvua hii.

Mmezoea kutuona na mabango. Maji, umeme, barabara, mauaji. Leo hatuna bango. Tumekuja kusema juu ya moyo, na si moyo wa mapendo: ule wa nyama, unaopiga ndani ya kifua. Siku tulipokaa kutayarisha mkutano huu mmoja wetu aliuliza, "Kwani sisi tumekuwa wanganga?" Hapana, hatuko wanganga. Wengi wetu tuko na lisansi za sheria, za uchumi, za kilimo, na kazi hatuna. Lakini ugonjwa ukiingia nyumbani, munganga anamwona mgonjwa dakika kumi, na familia inaona yote yanayobaki. Juu ya hayo yanayobaki tuko na mengi ya kusema.

Yuko mwenzetu mmoja hapa mbele. Jina lake hatutataji. Alituomba tuseme habari ya dada yake, kwani yeye mwenyewe alijaribu kuisoma jana jioni na hakufika mwisho. Mama yake pia alikubali. Kwa hiyo tutaisoma sisi, polepole.

Dada yake alipokuwa na miaka 10, magoti yalimvimba. Leo goti, kesho kiwiko, kesho kutwa kifundo cha mguu, na homa kidogo. Watu wote wa nyumba wakasema: ni baridi. Nyinyi mnajua Butembo, tuko juu, kuna asubuhi ukipumua unaona moshi mdomoni. Hapa kwetu baridi inashitakiwa kwa kila kitu. Wakamkanda kwa majani na mafuta, wakamvalisha sweta mbili, na kisha juma tatu akaamka, akakimbia shuleni kama hakuna kitu. Mama akamshukuru Mungu. Hakuna aliyekumbuka kwamba mbele ya magoti, majuma mawili au matatu, mtoto alikuwa amelia koo.

Alipofika miaka 15 alianza kusimama katikati ya mlima na bido ya maji kichwani. Wakasema: mvivu. Kisha akaanza kulala akiwa ameketi, mito mitatu nyuma ya mgongo, kwa sababu akilala chini pumzi inamkosa. Wakampeleka kwenye kituo cha afya. Malaria. Wakamrudisha. Tifoide. Tena: minyoo. Tena: asima. Kaka yake alichunga karatasi zote, na wiki iliyopita tulizihesabu pamoja naye juu ya meza. Ordonansi 11 katika miaka 4. Hata moja haina neno moyo. Hatusemi hivyo ili tuwachukie wauguzi. Muuguzi aliye peke yake na foleni ya watu 60, bila mashine, na amezoea kuona malaria siku zote, ataandika malaria.

Wakati dawa zinashindwa, mnajua kinachofuata. Watu walianza kusema sumu. Nani alimpa chakula? Nani alikuja nyumbani siku ile? Jina likatoka: mama mdogo wake, mdogo wa mama yake kabisa, kwa sababu siku moja kabla ya miguu ya mtoto kuvimba alikuwa ameleta ndizi. Ndizi! Wakaitana, wakapiga kelele, na mama mdogo akahama, akaenda kuishi upande wa Lubero. Dada wawili waliokuwa wanauza unga kwenye meza moja sokoni hawakusemezana miaka sita.

Akiwa na miaka 20 aliolewa. Mimba ilipofika mwezi wa sita pumzi ikakatika kabisa. Safari hii akamkuta munganga kijana ambaye aliweka kifaa chake juu ya kifua, akasikiliza muda mrefu, akamwambia afanye ekografi ya moyo. Ndipo familia ikasikia kwa mara ya kwanza: mlango mmoja wa moyo umekuwa na makovu, umebana, damu haipiti. Dawa za kupunguza maji mwilini zitasaidia kidogo, lakini mlango wenyewe unapaswa kufunguliwa au kubadilishwa, na hapa hakuna anayefanya hivyo. Karibu ni Kampala.

Karibu! Kutoka hapa unapita Beni, unapita ile barabara ya Kasindi ambayo sote tunajua watu wetu wangapi wamekufa juu yake, unavuka mpaka, unaendelea Kasese, siku nzima ya basi na zaidi, na mgonjwa anayelala ameketi. Na mfukoni unapaswa kuwa na maelfu ya dola.

Familia ikafanya kikao. Wakauza parseli, ile ambayo baba aliacha. Wakauza pikipiki ya kaka mkubwa, iliyokuwa inalisha nyumba mbili. Mama akaomba zamu yake ya likirimba mbele ya wakati. Kanisa likakotiza. Kwa miezi miwili wakapata dola 3,800, na kule walikuwa wameomba zaidi ya hapo. Wakati wangali wanatafuta, uchungu ukakuja mapema. Mtoto akatolewa kwa operesheni, mzima, kilo mbili na kidogo. Mama yake akaishi siku 9.

Alikuwa na miaka 21. Hospitali ilikataa kutoa mwili mpaka bili ilipwe. Hatuiti jina la hospitali, kwa sababu ziko nyingi zinazofanya vile, na kesho tutarudi juu ya hilo na bango. Feza za Kampala zikalipa bili, zikalipa sanduku na chakula cha matanga, zikaisha.

Mtoto yuko. Anakimbia. Anamwita nyanya yake "mama". Pikipiki haikurudi, na mtoto wa kaka mkubwa aliacha masomo mwaka ule.

Sasa tuseme lile tuliloulizia kwa wanganga, na tuliseme kwa Kiswahili ili nyanya aliyeketi nyuma asikie.

Moyo uko na milango minne midogo. Damu inapita, mlango unajifunga nyuma yake ili damu isirudi. Kuna mikrobe inayoitwa streptokoki, inayokaa kooni mwa watoto, zaidi wa miaka 5 mpaka 15, na inaruka kutoka kwa mmoja hadi mwingine pale watu wanapolala wengi katika chumba kimoja. Kwa watoto wengi koo linapona, basi. Kwa wengine, mwili unapopigana na ile mikrobe unakosea, unapiga pia viungo vyake wenyewe: magoti, viwiko, na milango ya moyo. Magoti yanapona. Milango ya moyo inabaki na kovu. Koo likirudi, kovu linaongezeka. Miaka inapita kimya, na siku moja ni mlima, ni bido ya maji, ni mimba. Ugonjwa huu unaitwa rimatisma ya moyo. Hautoki kwa baridi, na hautoki kwa ndizi ya mama mdogo.

Kuna dawa ya kuuzuia. Ni penisilini, ile ambayo Fleming aliikuta London mwaka 1928. Koo la streptokoki likitibiwa vizuri mapema, ugonjwa hauanzi. Na mtoto ambaye tayari alishikwa na homa ya viungo, anachomwa sindano ya penisilini ya muda mrefu kila majuma matatu au manne, kwa miaka, ili shambulio lisirudi na kovu lisikue. Sindano yenyewe inauma, tusidanganyane. Lakini bei yake haifiki chupa mbili za bia. Tunaomba pia msitoke hapa mkaenda famasi kununua sindano kwa kila koo. Makoo mengi yanatokana na virusi, penisilini haiyafanyi kitu, na kuko watu ambao mwili wao unaikataa dawa hiyo kwa nguvu. Mtoto apimwe, achomwe na mtu aliyesomea.

Kwa hiyo pigeni hesabu na sisi. Upande mmoja: sindano za miaka kumi. Upande mwingine: parseli, pikipiki, likirimba, dola 3,800, masomo ya mtoto, undugu wa dada wawili, na maisha ya mama mmoja. Familia ililipa upande ule wa pili, na ilikuwa bado haijafika bei.

Labda mtu atasema: hiyo ni bahati mbaya ya familia moja. Tuangalie. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 55 duniani wako na ugonjwa huu, na karibu 360,000 wanakufa kila mwaka. Wengi wao wako katika nchi kama yetu. Bulaya ulikuwa kawaida zamani, leo karibu umesahaulika, juu watu wanalala kwa nafasi na koo la mtoto linatibiwa. Mwaka 1998 wanganga wa Kinshasa walichapisha hesabu yao: walipima wanafunzi 4,848 na wakakuta karibu 14 kwa kila 1,000 wana rimatisma ya moyo. Katika mitaa ya maskini ilikuwa 22 kwa 1,000. Katika shule za mji wenyewe, 4. Mji mmoja, watoto wa lugha moja, na tofauti ni chumba wanacholala.

Mnaona sasa kwa nini jambo hili limekuja kwetu sisi wa mabango.

Kisha kuko utafiti mkubwa zaidi, uliongozwa na munganga wa moyo wa Afrika Kusini, marehemu Bongani Mayosi, pamoja na wenzake. Walifuata wagonjwa 3,343 wa rimatisma ya moyo katika nchi 12 za Afrika, na India na Yemen. Nusu ya wagonjwa wale walikuwa na miaka 28 au chini. Wawili kati ya watatu ni wanawake. Ndani ya miaka miwili, karibu 17 kati ya kila 100 walikuwa wamekufa. Umri wetu sisi. Tuliposoma hapo kikaoni watu walinyamaza kwanza, kisha dada mmoja akasema: "Kumbe ni ugonjwa wa sisi, na siku zote tunasema moyo ni mambo ya wazee."

(Wazee nao wana yao. Tansio inaua baba zetu, na inaanza bila maumivu. Wapimeni mkono, si vigumu. Lakini leo tunabaki kwa vijana.)

Tukatafuta majina ya zile nchi 12. Uganda imo. Rwanda imo. Zambia imo. Majirani wetu watatu wamo. Kongo haimo. Hakuna aliyetufukuza, sisi tu hatukuwa na daftari la kuonyesha. Ukienda leo hospitali yoyote hapa kwetu, ukauliza: mwaka jana mlipokea vijana wangapi wenye ugonjwa wa moyo, na wako wapi sasa? Utaonyeshwa kitabu kimoja kikubwa ambamo yule dada ameandikwa mara moja malaria, mara moja asima, na mara ya mwisho "kifo cha mama baada ya kuzaa". Kwa serikali, dada yule hakufa kwa moyo. Na mtu asiyehesabiwa hanunuliwi dawa.

Waganda walifanya nini? Walienda Gulu, kaskazini, pale ambapo watu walikaa miaka mingi kambini wakati wa vita vya LRA. Tunasema hivyo kwa sababu kila tukiomba kitu tunajibiwa: "Subirini kwanza vita iishe." Kule Gulu waliwapima watoto zaidi ya 102,000 kwa ekografi ndogo za kubeba mkononi. Wakakuta wale ambao mlango wa moyo umeanza kuharibika lakini mtoto mwenyewe hajisikii kitu. Watoto 818, wazazi wao wakikubali, wakagawanywa mafungu mawili: fungu moja likapata sindano ya penisilini kila majuma manne, lingine halikupata. Kisha miaka miwili wakaangalia tena. Katika fungu la sindano, watoto 3 tu ugonjwa ulikuwa umeongezeka. Katika fungu lingine, 33. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021 na dunia nzima inayasoma. Mbele ya hapo hakuna aliyejua kwa hakika kama sindano inasaidia mtoto aliyegunduliwa mapema namna ile. Leo inajulikana, juu ya watoto wa Gulu na mama zao waliowaleta kila mwezi.

Kutoka hapa mpaka Gulu hakuna bahari katikati. Ni kuvuka Kasindi.

Tunajua neno utafiti linaamsha nini katika mji huu. Tusizunguke. Mwaka 2018 na 2019 tulikuwa hapa. Tuliona majipe, tuliona mafranga yakipita juu ya vichwa vyetu, tukasema "Ebola business", na hatukusema uongo mtupu. Tuliona pia vituo vikichomwa Katwa na hapa mjini, na mwaka 2019 munganga aliyetoka Kameruni kutusaidia akauawa hapa Butembo, ndani ya hospitali. Hilo nalo ni letu, tulibebe. Lakini kuna sehemu ya habari ambayo watu wachache waliisimulia. Ni hapa, Beni, Butembo, Katwa na Mangina, ambapo dawa nne za Ebola zilijaribiwa kwa wagonjwa 681. Mbili zilionekana kuokoa watu kuliko nyingine. Moja ya hizo mbili ilitengenezwa kutoka kwa damu ya Mkongomani aliyepona Ebola ya Kikwit mwaka 1995. Popote Ebola ya namna ile itakapotokea kesho, watapona kwa dawa ambayo watu wa avenyu zetu walikubali kujaribu wakati wengine tulikuwa tunarusha mawe. Baadhi ya waliokubali wamo humu ndani.

Kwa hiyo hatuko hapa kuwaambia "aminini tu". Tuko na masharti, na tutayapeleka kwa yeyote atakayekuja na mashine, awe mzungu, awe mtu wa Kinshasa, awe mtoto wa hapa. Mzazi aelezwe kwa Kiswahili na Kinande, si kusainishwa karatasi ya Kifaransa mlangoni. Mtoto atakayekutwa na ugonjwa atibiwe, asiandikwe tu na kuachwa. Mashine zikimaliza kazi zibaki. Vijana wa hapa waliosoma wapewe kazi ya kupima na kuandika, badala ya kuleta watu kwa ndege. Na matokeo yarudi hapa, yasomwe ndani ya chumba kama hiki, mbele ya wale waliotoa watoto wao.

Kwa viongozi tunaomba mambo ambayo hayahitaji miujiza. Zone za afya na divisheni ya afya ya jimbo wafungue daftari moja la wagonjwa wa moyo walio chini ya miaka 40, hospitali kwa hospitali. Daftari, kalamu, na mtu wa kulijaza. Penisilini ya muda mrefu ipatikane kwenye vituo vya afya kila mwezi, si mwezi huu ndiyo na mwezi ujao hapana, na wauguzi wafundishwe kuitumia. Vitivo vya tiba vya vyuo vyetu waende kwenye shule za msingi za Butembo na za vijiji vya karibu, wahesabu kama walivyohesabu Kinshasa na Gulu. Wanafunzi wa udaktari kila mwaka wanatafuta mada ya kumaliza masomo. Mada hii hapa, tunaitoa bure.

Na kwa wabunge wetu: mwaka 2001 kule Abuja wakubwa wa Afrika waliahidi asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Hatujafika hapo. Katiba yetu ya 2006, kipengele cha 47, inasema haki ya afya inalindwa. Tutawaandikia, na barua itauliza jambo moja: katika bajeti, mstari wa ugonjwa wa moyo uko ukurasa gani? Mkiona ukurasa, tutawaomba radhi hadharani.

Sasa sisi. Tungekuwa na aibu kama tungekuja kuomba wengine peke yao. Tuliuliza munganga mmoja hapa mjini: hata daftari likifunguliwa, kazi itashindwa wapi? Hakusema mashine. Alisema: "Nitampoteza mgonjwa. Nitamwambia arudi kisha mwezi, hatarudi, simu itakuwa imezimika, na nyumba haina namba." Tukatazamana. Kutafuta nyumba isiyo na namba, kuuliza avenyu kwa avenyu, kubisha hodi mara ya pili na ya tatu, hiyo tunaijua. Tunafanya vile kila tukitayarisha maandamano. Ndiyo kazi tunayoitoa. Kila mtoto atakayeandikwa kwa sindano atapata kijana mmoja wa kumfuata: siku mbili mbele anakumbusha, siku yenyewe anamsindikiza kama mzazi yuko sokoni au shambani, na kama familia imehama anatafuta imehamia wapi. Majina yatabaki kwa munganga. Sisi tutakuwa na avenyu na tarehe, basi. Hatutaki mtoto aanze kuitwa "yule wa moyo" shuleni, wala msichana akose ndoa kwa sababu jirani aliona karatasi.

Tumekubaliana pia kila mmoja atoe franga 1,000 kwa mwezi, kwa usafiri wa watoto wa mbali. Tunajua 1,000 kwa shomeri ni kitu. Kaka wa yule dada ndiye aliyeweka ya kwanza mezani. Mama mmoja wa soko akauliza kama akina mama nao wanaruhusiwa. Mama, unaruhusiwa sana.

Mbele ya kumaliza: kuko aliyeuliza juu ya mama mdogo. Mwezi uliopita mwenzetu na mama yake walipanda gari, wakaenda mpaka kwake. Walibeba ile karatasi ya ekografi, wakamsomea, wakamweleza habari ya koo na ya milango. Aliwapikia chai. Aliuliza mtoto ana miaka mingapi sasa. Juu ya lile jambo lenyewe hakusema kitu, na wakalala pale, na asubuhi wakarudi. Mama anasema ataenda tena Desemba, na mtoto.

Kwa wazazi: mtoto mwenye koo na homa, mpelekeni apimwe. Mtoto ambaye viungo vinavimba kimoja baada ya kingine, msingoje baridi ipite, mwambieni munganga kwa sauti, "sikiliza moyo wake." Msichana anayechoka kuliko wenzake, apimwe kabla ya ndoa na kabla ya mimba, na tafadhali msimwite mvivu.

Kwa vijana: Jumamosi saa mbili asubuhi, mahali hapa hapa, muuguzi mmoja amekubali kutufundisha jinsi ya kuongea na familia bila kuitisha. Karatasi ya kujiandikisha iko mlangoni, pembeni ya ndoo. Mtaandika avenyu, namba ya simu, lugha mnazosema, na siku gani katika juma hamna kazi. Tumeacha nafasi ndogo kwa hiyo ya mwisho. Andikeni tu "zote".